Kumuaga Baharia, Mwalimu wa Mashine

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Kamati ya Bandari na Pwani, waheshimiwa wajumbe wa Kamati mlioketi kulia kwake, Mkurugenzi wetu, wakuu wa idara, ndugu wageni waalikwa, wafanyakazi wenzangu wa Kituo, pamoja na ninyi mliosimama mlangoni kwa sababu viti havikutosha, na wewe wifi yangu, mke wa tunayemuaga, uliyekuja moja kwa moja kutoka zamu ya wodi ya wazazi bila hata kubadilisha viatu: nawasalimu nyote kwa heshima, kila mmoja kwa nafasi yake, na kama kuna niliyemruka, basi ajihesabu kuwa nimemsalimu wa kwanza.

Mnanisikia huko nyuma? Namwona mtu wa vipaza sauti ananiinulia kidole gumba. Vizuri.

Ratiba mliyogawiwa mlangoni inasema kwamba mkuu wa Kituo atatoa maneno machache ya furaha ya kumuaga mfanyakazi mwenzetu. Uchache nitajitahidi. Furaha, ndugu zangu, nimeitafuta tangu asubuhi, nikiwa natafuta pia miwani yangu, na miwani ndiyo niliyoipata.

Tunayemuaga ni huyu hapa, aliyevaa tai aliyofungiwa na mkewe, maana najua yeye hajui kuifunga. Jina lake limeandikwa kwenye ratiba, lakini hapa Kituoni ukiliita hilo jina watu watakuuliza unamtafuta nani. Sisi tunamwita Baharia. Alipewa jina hilo na nahodha wetu katika wiki yake ya kwanza kazini, siku tuliyompeleka gatini tumwonyeshe boti. Boti ilikuwa imefungwa kamba mbele na nyuma, injini imezimwa, maji yametulia kama chai kikombeni, na mwenzetu akatapika. Nahodha akamshika bega, akamwambia, "Karibu kazini, Baharia." Akacheka na yeye, huku anajifuta mdomo, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwita vingine.

Sasa mtu wa namna hiyo aliletwa kufanya nini katika kituo cha kuchunguza mwamba wa matumbawe? Mimi mwenyewe niliuliza hivyo hivyo, na sikuuliza kwa upole. Nilikuwa nimeomba mpiga mbizi. Nikaletewa mtu wa kompyuta ambaye hajui kuogelea, anayeogopa maji yakimfika magotini, na ambaye maisha yake yote alikuwa ameona matumbawe mara moja tu, kwenye kabati la kioo la ofisi fulani, yakiwa yamekauka.

Kwa wageni ambao hawajui kazi yetu, niieleze kwa ufupi. Mwamba ulio mbele ya mji huu si jiwe. Umejengwa na viumbe hai, vidogo sana, vinavyoishi pamoja kwa maelfu na kujijengea nyumba kwa chokaa, kizazi juu ya kizazi, tangu kabla ya mji huu kuwapo. Samaki huzalia humo, na wimbi kubwa huvunjikia huko kabla ya kutufikia sisi. Kazi ya Kituo ni kujua kama viumbe hao ni wazima au ni wagonjwa. Zamani tulikuwa tunazama wenyewe, tunaangalia, tunapanda juu, tunabishana. Mwamba ni mkubwa na sisi ni wachache. Tulipomaliza upande mmoja, upande wa pili ulikuwa umeshabadilika bila sisi kujua. Ndipo zikawekwa kamera chini ya maji, zinazopiga picha mchana kutwa, na ndipo akaletwa Baharia aitengeneze akili mnemba itakayoziangalia picha zote hizo na kutuambia: hili tumbawe ni hai, hili linapauka, hili limekufa.

Mashine haizaliwi na macho. Inabidi ifundishwe. Kwa hiyo mimi na yeye tulikaa kwenye kile chumba cha nyuma, chenye feni inayogonga na dirisha lisilofunguka, picha baada ya picha, mimi nikisema na yeye akiandika. "Hili?" "Hai." "Hili?" "Limekufa." "Na hili, Dada?" "Hilo ni sponji, kiumbe kingine kabisa." "Linafanana na tumbawe." "Na wewe unafanana na mtu anayejua kazi, lakini ngoja." Hivyo ndivyo tulivyoongea miezi na miezi. Majina ya kitaalamu yalimshinda, akayapa matumbawe majina yake mwenyewe. Lile la mikunjo mikunjo akaliita Ubongo wa Mjomba. Lile pana akaliita Sinia. Na kulikuwa na moja kubwa, la mviringo, lililokaa mbele kabisa ya kamera ya upande wa mashariki, ambalo halikosekani katika picha yoyote. Hilo akaliita Mama Mkwe, kwa sababu, alisema, halijongei, halisemi, na linaona kila kitu. Kama mama mkwe wake yupo ukumbini, namwombea radhi. Alisema kwa mapenzi.

Na kweli alilipenda. Kila asubuhi, kabla hajaweka mkoba wake chini, alifungua picha ya kamera ya mashariki na kusema, "Shikamoo, Mama." Wafanyakazi wapya walidhani anazungumza na simu. Alijua ni samaki gani anaishi chini ya ubavu wake wa kushoto. Alijua mwanga unampata saa ngapi. Mtu ambaye hangeweza kuvuka dimbwi la mvua bila kutafuta pa kukanyaga, aliujua mwamba ule kuliko watu wanaoogelea juu yake kila Jumapili.

Na mashine ikajifunza. Ikafika mahali ikawa inaona kabla yetu. Nasema hivi nikiwa mtu aliyezama kwenye maji yale tangu akiwa msichana, na sioni aibu kulikubali: ilikuwa inatambua kufifia kwa rangi ambako jicho langu halikukuona kabisa. Tukasherehekea. Tulinunua keki. Mkurugenzi alikuja akakata kipande cha kwanza.

Kisha likaja lile joto.

Mnalikumbuka nyote, maana mlilala madirisha wazi na feni zikiwaka. Baharini ilikuwa hivyo hivyo, maji yakawa ya uvuguvugu hadi chini kabisa ambako siku zote kulikuwa na ubaridi. Asubuhi moja Baharia aliingia ofisini kwangu bila kubisha hodi. Akasema, "Dada, mashine inasema yanapauka."

Nikamwambia, "Nilizama juzi. Yako sawa."

"Najua umezama. Lakini njoo uangalie."

Nikaenda. Kwenye picha mimi sikuona kitu. Akaniwekea picha ya mwezi uliopita kando ya picha ya siku ile, na mashine imechora mstari kuzunguka pale ilipoona rangi inapungua. Ukiangalia moja moja, huoni. Ukiangalia nyingi pamoja, kama inavyoangalia mashine, unaona mwamba mzima unavuta pumzi ya mwisho ya afya yake. Tumbawe likizidiwa na joto humtoa mgeni wake, kiumbe mdogo sana anayeishi mwilini mwake, anayelilisha na kulipa rangi. Hapo linabaki jeupe. Halijafa bado. Lina njaa. Maji yakipoa mapema, na yakiwa safi, na mwanga ukipita, linaweza kurudi. Hayo ni masharti yote, na hata yakitimia si yote yatakayopona. Sijawahi kumwahidi mtu yeyote kwamba yangepona yote.

Na ninyi mnajua ni nini kilikuwa kinafanyika bandarini wakati ule. Mtambo ulikuwa unachimba kuongeza kina, ili meli kubwa ziingie. Sina ugomvi na meli kubwa. Lakini tope lililokuwa linachimbuliwa lilikuwa linasafiri na mkondo hadi kwenye mwamba na kutua juu yake kama vumbi juu ya kabati. Tumbawe lenye afya hujisafisha. Tumbawe lenye njaa haliwezi. Tope linalifunika, na linakufa chini ya tope hilo.

Tukaja kwenye Kamati kuomba jambo moja: mtambo usimame hadi maji yapoe. Usivunjwe wala usifukuzwe. Usimame tu kwa muda.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, unaikumbuka siku ile. Nimekuona ukitabasamu nilipotaja Kamati. Ulitupokea vizuri. Uliagiza tuletewe maji ya kunywa. Baharia alikuwa amevaa tai hii hii, na alieleza kwa ufasaha ambao sijawahi kuusikia kwake, akaonyesha picha ukutani, akaeleza mashine inaonaje. Ulimsikiliza hadi mwisho, na hilo nalikiri mbele ya watu wote. Halafu ukauliza swali moja.

Ulisema, "Ndugu mtaalamu, mashine hii inaweza kukosea?"

Ndugu wageni waalikwa, ninyi mngejibuje? Mbele yenu kuna watu wanaotafuta sababu ya kusema hapana, na mmeulizwa swali ambalo jibu lake la kweli ni moja tu. Mwuza dawa bandia angejibu kwamba haikosei kamwe. Mwanasiasa angejibu kwamba hilo ni swali zuri sana. Baharia alijibu kama alivyo. Alisema, "Inaweza, Mheshimiwa. Kila mashine inaweza. Lakini safari hii sidhani kama imekosea."

Neno la kwanza ndilo lililoandikwa. Sentensi ya pili haikuandikwa. Siku chache baadaye tukapata majibu kwamba Kamati imepokea taarifa, inakipongeza Kituo kwa ubunifu wake, na kwamba, kwa kuwa wataalamu wenyewe wamekiri chombo chao kinaweza kukosea, kazi ya bandari itaendelea huku hali ikifuatiliwa kwa karibu.

Ikafuatiliwa kwa karibu. Hilo ni kweli kabisa. Sidhani kama kuna kifo kilichowahi kufuatiliwa kwa karibu kama kile. Kila siku mashine ilitutolea picha zake. Njano ikawa krimu, krimu ikawa nyeupe. Baharia alikaa mbele ya skrini hadi macho yakawa mekundu, na mimi nilikuwa nikizama na kurudi na kumkuta pale pale, kikombe chake cha chai kimeota utando. Siku moja nilimkuta anazungumza peke yake. Nikadhani ni ile salamu yake ya kila asubuhi. Nikasogea. Alikuwa anasema, "Ningesema haiwezi. Neno moja tu. Ningesema haiwezi."

Nikamwambia, "Ungekuwa umesema uongo."

Akanigeukia, akaniuliza, "Kwa hiyo?"

Nikachukua kile kikombe, nikamwaga chai, nikaenda kumletea nyingine.

Katika siku hizo hizo, wifi yangu huyu akanipigia simu. Akasema, "Wifi, mmemfanya nini mume wangu huko? Amejaza maji kwenye beseni la kufulia, anatumbukiza uso wake, anahesabu, anatoka anatweta. Nikimuuliza anasema anafanya mazoezi. Mazoezi ya nini, mtu mzima na beseni?" Tulicheka sana kwenye simu. Lakini ndani ya kicheko nilielewa. Baharia alikuwa anajifunza maji. Kutoka kwenye beseni akaenda kwenye bwawa la shule, jioni, wanafunzi wakishatoka. Mwalimu wa michezo alinisimulia kwamba siku za mwanzo alikuwa analia kabla ya kuingia, analia kabisa, halafu anaingia. Akajifunza kuelea. Akajifunza kupumua kwa mrija, kisha kwa mtungi. Alinijia siku moja akasema, "Dada, nipeleke nikauone mwamba kabla haujakwisha."

Nilimpeleka. Alitapika mara mbili njiani, na nahodha safari ile akamshikia ndoo bila mzaha. Tulishuka pamoja, nimemshika mkono. Vidole vyake vilikuwa vimebana vyangu hadi vikafa ganzi. Na tulipofika chini upande wa mashariki, akaniachia.

Sijui niwaelezeje. Mwamba uliopauka ni mzuri kwa macho. Hilo ndilo watu hawalijui. Ni mweupe unaong'aa, kama nyumba iliyopakwa chokaa kwa ajili ya harusi. Watalii walikuwa wanapiga picha na kushangilia. Na juu ya weupe ule, kwenye kila bapa lililolala, tope la kahawia lilikuwa limetua. Samaki walikuwa bado wapo wachache, wanazunguka, hawajui waingie wapi. Palikuwa kimya. Mwamba hai una kelele, unatatarika kama mafuta kikaangoni. Mtu anayezama kwa mara ya kwanza hushtuka. Baharia hakushtuka, kwa kuwa hakujua kwamba kulikuwa na sauti aliyopaswa kuisikia. Mimi niliisikia ikikosekana.

Alikwenda hadi kwa Mama Mkwe, akasimama mbele yake, yaani akaelea mbele yake, mikono ameikunja kifuani ili asimguse, kama nilivyomwelekeza. Alikaa hapo hadi nikaanza kuangalia kipimo chake cha hewa. Tulipopanda botini akavua miwani ya kuzamia, na ndani ya ile miwani kulikuwa na machozi. Nilitegemea aseme matumbawe yamekuwa meupe, au amechelewa, au atukane. Alisema, "Dada, ni mkubwa. Ni mkubwa kuliko nyumba yangu. Mimi miaka yote nilidhani analingana na kiganja."

Kwenye skrini yake alikuwa analingana na kiganja.

Wiki chache baadaye alikufa. Alikufa Mama Mkwe, akafa Ubongo wa Mjomba, likafa Sinia, na yote yale yasiyokuwa na majina. Maji yalipopoa hatimaye, hakukuwa na wa kupona. Mtambo wa bandari nao ulimaliza kazi yake, kwa wakati uliopangwa, na tulialikwa kwenye uzinduzi.

Mngedhani habari inaishia hapo. Mimi pia nilidhani hivyo.

Kitu kinapokufa baharini hakikai wazi muda mrefu. Mwani huja. Ulianza kama ukungu, ukawa nyasi fupi za kijani na kahawia, ukafunika mifupa yote ile. Na mashine yetu, ile iliyoona kabla yetu sote, ikaangalia kijani kile na kahawia ile, na ikaanza kuandika: hai. Taarifa ya mwezi hujituma yenyewe kwenda ofisi kuu, na takwimu zilikuwa zinapanda. Kabla hatujazisoma sisi, simu ikalia. Sauti yenye furaha ikasema, "Hongereni! Mwamba unarudi!"

Baharia alikuwa amesimama mbele ya meza yangu wakati naipokea simu ile. Nilipoiweka chini akasema, "Dada, imekosea. Mama Mkwe imemwandika yu hai."

"Imekosea vipi? Mbona haikukosea wakati ule?"

"Wakati ule ilikuwa inaangalia kitu tulichoifundisha. Haijawahi kuona kifo kikubwa hivi. Mimi na wewe hatukuwa na picha za kuifundishia, kwa sababu mwamba haukuwahi kufa hivi. Haijui. Inaona rangi, inadhani ni uhai." Akakaa kwenye kiti, akaongeza, "Inatumaini, Dada. Hatukuifundisha hivyo, lakini ndiyo inachofanya."

Tukarudi kwenye Kamati. Ukumbi ule ule, maji ya kunywa yale yale. Safari hii tulikuja kuikana mashine yetu wenyewe. Mheshimiwa, ulituuliza, nami nanukuu kwa heshima, "Si ndiyo mashine hii mliyotuambia inaona kuliko jicho la binadamu?"

Baharia akasema, "Ndiyo, Mheshimiwa."

"Leo inaleta habari njema, mnaikataa?"

"Imekosea, Mheshimiwa."

"Una uhakika?"

Na hapa, ndugu zangu, yule mtu aliyekuwa amejilaani kwa neno lake la kwanza alijibu bila kusita. Alisema, "Nina uhakika. Nimekwenda kuangalia kwa macho yangu."

Mjumbe mmoja, ambaye sitamtaja kwa kuwa amekuja leo na mkewe, akasema, "Wewe? Baharia? Unayetapika gatini?" Na ukumbi ukacheka.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mashine iliposema kweli, ilitosha kwamba inaweza kukosea. Ilipokosea, ilitosha kwamba inaleta habari njema. Sina elimu ya kutosha kuliita jambo hilo kwa jina lake. Najua tu kwamba katika siku hizo mbili mashine na mtu walikuwa wakweli, kila mmoja kwa zamu yake, na kila zamu aliyekuwa mkweli ndiye ambaye hakusikilizwa.

Baharia aliporudi Kituoni hakuomba ruhusa ya mtu. Alikusanya picha zote za mwamba uliokufa, akaketi tena kwenye kile chumba cha feni inayogonga, safari hii peke yake, kwa sababu mimi nilijaribu kukaa naye nikashindwa. Na akaifundisha mashine upya. Aliiambia picha kwa picha: huyu amekufa, huyu amekufa, na huyu. Alipofika kwa Mama Mkwe nilimsikia kutoka kwenye korido. Hakusema "limekufa" kama tulivyozoea kusema. Alisema, "Pole, Mama." Halafu akabonyeza.

Takwimu zikashuka zikarudi kwenye ukweli. Na mkataba wake, ambao ulikuwa uongezwe, haukuongezwa.

Ndiyo sababu ya sherehe yetu ya leo. Wengine mmeambiwa amepata kazi nzuri zaidi. Kazi aliyoipata ni ya kukagua picha za magari kwenye maegesho. Inamlisha, na haina maji. Nilimuuliza kama ameridhika, akaniambia, "Dada, magari hayafi."

Desturi inataka sasa nigeuke niwape matumaini. Niseme kwamba bahari ni kubwa, kwamba asili ina njia zake, kwamba vijana wetu watapanda matumbawe mapya. Kuna watu wanaoyapanda, nawaheshimu, na baadhi yao wamo humu. Wanajua wenyewe kwamba wanachopanda katika maisha yao yote hakijazi kivuli cha Mama Mkwe mmoja. Juzi nilisimama kwenye ukuta wa barabara ya ufukweni. Mawimbi yamekuwa yanaugonga ukuta ule kwa nguvu ambazo sijawahi kuziona, na tayari una ufa ambao mkono wangu unaingia. Mwuza viatu aliyekuwa pale aliniuliza kama ni msimu tu, kama utapita. Nilimwambia sijui. Nilijua. Sikuwa na nguvu ya kumwambia akiwa ameshika viatu vya watoto mkononi.

Wifi yangu, asante kwa kutuazima mumeo. Tunakurudishia mtu asiyelala vizuri. Nisamehe, hakuja hivyo. Usimzuie akikaa kimya. Na wewe mdogo wangu, ulikuja kwetu ukiogopa maji na unaondoka unajua kupiga mbizi, mahali ambapo hakuna tena cha kuzamia. Sijui kama hiyo ni zawadi. Ulifanya kazi yako sawasawa. Ningependa kusema ilisaidia. Haikusaidia. Uliifanya sawasawa hata hivyo, na mimi niliyekaa kando yako naomba lijulikane hilo, japo halibadilishi kitu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, namalizia kwako. Nimepokea maagizo kutoka ofisi kuu kwamba, baada ya Baharia kuondoka, mashine irudishwe ilivyokuwa kabla hajaifundisha upya, ili takwimu zipande tena na zitumike katika taarifa ya mwaka. Nakwambia mbele ya watu wote, usije ukaambiwa na wengine nyuma ya mgongo wangu: sitairudisha. Najua maana yake kwangu. Kiti changu kitapata mtu, na mtu huyo atairudisha siku yake ya kwanza, kabla hata ya kuonyeshwa choo kiko wapi. Hakosekani mtu wa namna hiyo. Mwamba wenyewe hautapata faida yoyote kwa ukaidi wangu. Umekwisha kufa na hausikii tunachosema juu yake. Lakini hadi hapo nitakapotolewa, atakayekuja kuuliza ataambiwa kweli.

Chai imeandaliwa ukumbi wa pili. Mtakapopita kwenye korido mtaona ukutani skrini kubwa, yenye picha za kamera zetu zote, zinazobadilika moja baada ya nyingine, na chini ya kila picha mashine imeandika neno lile lile. Wageni hudhani ina hitilafu, humwita fundi. Msimwite. Inafanya kazi vizuri kabisa.

Nawashukuru kwa masikio yenu, na kwa kuwa hakuna aliyetoka.